Mwendo wa Mabasi Madogo: Sheria, Mtambo na Ulimi katika Historia ya Barabara Zetu

1. Utangulizi

Wataalamu wa Kiswahili wamevutiwa kwa muda mrefu na misemo inayochorwa kwenye matatu na daladala, na vilevile na lugha ya makondakta wake. Makala haya yanageukia jambo lililo karibu na hayo, nalo ni mwendo wenyewe wa magari hayo. Tutajaribu kuonyesha kwamba mwendo wa basi dogo la abiria una historia yake, na kwamba katika historia hiyo njia tatu zimetumika kuupunguza: sheria, mtambo na ulimi. Njia mbili za kwanza zimezungumzwa sana na wanasheria na wahandisi. Ya tatu, ambayo kwa haki ni fani yetu sisi watu wa lugha, imepewa nafasi ndogo, ingawa ushahidi uliopo unaonyesha kwamba imeokoa maisha.

Kwa "basi dogo" tunakusudia gari la aina ya Toyota HiAce, Mercedes-Benz 207 D au Ford Transit, lenye uwezo wa kubeba abiria kumi na kitu hadi ishirini, ambalo Kenya huitwa matatu, Tanzania daladala au kipanya, na ambalo katika Katanga ndilo linalounganisha Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Mwandishi wa makala haya anaandika kutoka Koni, mahali palipo kando ya mto Lufira, nje ya barabara kuu. Mtu wa Koni anayetaka kwenda Lubumbashi hana budi kufika kwanza Likasi, kisha akabidhi maisha yake kwa shofere asiyemjua kwa muda wa saa moja na nusu, au saa moja tu ikiwa shofere ana haraka. Tofauti ya nusu saa hiyo ndiyo kiini cha mjadala wetu. Maswali yanayotuongoza ni matatu: nani huupanga mwendo, nani huulipia, na nani ana nafasi ya kuupinga?

2. Wakati mwendo ulipokuwa mali ya kampuni

Yafaa tukumbuke kwamba usafiri wa abiria katika nchi zetu haukuanza na basi dogo. Reli iliyotoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikaendelea kaskazini hata ikafika Bukama mwaka 1918. Jadotville, ambayo tangu 1966 inaitwa Likasi, ilikua kando ya reli hiyo na kando ya viwanda vya Union Minière. Msafiri wa zama hizo alitii ratiba. Treni iliondoka kwa saa iliyopangwa, hata kama mabehewa hayakujaa, na dereva wake hakupata faranga moja zaidi kwa kufika mapema.

Mabasi makubwa ya mijini yalifuata kanuni hiyohiyo. Nairobi ilipata Kenya Bus Services mwaka 1934, na Dar es Salaam ikapata Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, mwaka 1974. Mabasi hayo yalilaumiwa kwa mengi: yalichelewa, yaliharibika, hayakutosha. Lakini dereva wake alikuwa mtu wa mshahara. Akienda kilomita 50 kwa saa au 70, mwisho wa mwezi fedha yake ilikuwa ileile. Hivyo mwendo ulikuwa jambo la kampuni, na aliyetaka kuulalamikia alijua mlango wa kubisha.

3. Kuja kwa basi dogo

Basi dogo liliingia pale mashirika hayo yaliposhindwa kuubeba umati wa watu wa mijini. Nchini Kenya, mwezi Juni 1973, Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kuchukua abiria pasipo leseni maalumu ambazo zilidaiwa kwa magari ya abiria hapo awali. Jina lenyewe la matatu lahusishwa na nauli ya senti thelathini, yaani mapeni matatu ya senti kumi kumi. Nchini Tanzania serikali iliyaruhusu magari ya watu binafsi mwaka 1983, na jina la daladala likatokana na sarafu ya shilingi tano iliyoitwa "dala". Msomaji ataona kwamba majina yote mawili yalizaliwa na nauli. Tangu mwanzo, gari hili lilitambulika kwa fedha inayolipwa mkononi, abiria mmoja baada ya mwingine.

Kinshasa ilikuwa na njia yake ya kutaja. Mercedes-Benz 207 D, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1977, ilifika huko ikiwa imekwisha kutumika Ulaya. Katika namba 207, tarakimu ya kwanza ilidokeza uzito wa jumla kwa tani, na ya mwisho nguvu ya injini kwa makumi ya nguvu-farasi. Ilikuwa gari la kubebea bidhaa, lenye nguvu-farasi 65 mwanzoni na 72 baadaye. Watu wa Kinshasa walikata madirisha kwenye bodi zake, wakatia mabenchi ya mbao, na baada ya ajali nyingi wakaliita "esprit de mort", yaani roho ya kifo. Serikali ilipoleta mabasi mapya katikati ya miaka ya 2010, yakaitwa "esprit de vie", roho ya uhai. Jina la pili ni jibu kwa jina la kwanza, na ni ungamo la hadharani kwamba jina la kwanza lilisema kweli.

Katika Katanga badiliko kubwa lilikuja katika miaka ya 1990. Uzalishaji wa Gécamines ulianguka baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990. Reli nayo ikadhoofika, hata uendeshaji wake ukakabidhiwa kampuni ya Sizarail kati ya 1995 na 1997. Abiria aliyezoea ratiba ya treni alihamia barabarani, na barabarani hapakuwa na ratiba.

4. Hesabu ya siku

Hapo ndipo mwendo ulipobadilisha mwenyewe. Mwenye gari alimkabidhi dereva gari asubuhi, akadai kiasi maalumu cha fedha jioni. Tanzania fedha hiyo huitwa "hesabu". Kongo hutumia neno la Kifaransa "versement". Kinachozidi, baada ya kununua mafuta na kutoa fedha za njiani, ndicho chakula cha dereva na kondakta. Kisipozidi, wamefanya kazi ya bure.

Mfumo huu una matokeo mawili yanayovutana. Tokeo la kwanza ni kwamba gari haliondoki kituoni mpaka lijae, hivyo abiria wa kwanza aweza kuketi saa nzima akiwasubiri wenzake. Tokeo la pili ni kwamba, likishajaa, kila dakika barabarani huonekana kuwa hasara, kwa kuwa anayefika kwanza kituo cha pili ndiye atakayepata zamu ya mbele. Mtu yuleyule aliyekaa saa nzima bila kwenda popote sasa anaharakishwa kwa hatari ya maisha yake. Wengi husema kwamba madereva wetu wana wazimu au hawana adabu. Historia inaelekeza kwingine: dereva wa UDA na dereva wa daladala wangeweza kuwa ndugu wa baba mmoja, wamelelewa nyumba moja, na mienendo yao ikatofautiana kwa sababu ya namna wanavyolipwa. Mwendo wa gari hupangwa kituoni kabla injini haijawashwa.

5. Dakika 18

Tutazame sasa haraka hiyo hununua nini. Kutoka Likasi hadi Lubumbashi ni takriban kilomita 120. Gari likienda kilomita 80 kwa saa bila kusimama, safari huchukua dakika 90. Likienda 100, huchukua dakika 72. Faida ni dakika 18.

Bei yake ya kwanza ni mafuta. Ukinzani wa hewa dhidi ya gari hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukipanda kutoka 80 hadi 100, ukinzani huo huongezeka kwa asilimia 56. Basi dogo ni sanduku pana na refu kwenda juu, hivyo huadhibiwa na hewa kuliko gari dogo la kawaida, na adhabu huzidi pale magunia na mabeseni yanapofungwa juu ya paa. Ni kweli kwamba uwanda wa Katanga uko juu, na hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko ile ya pwani. Lakini wepesi huohuo huipunguzia nguvu injini ya dizeli isiyo na tabo. Tuchukue mfano wa gari la tani tatu pamoja na watu wake, lenye uso wa mita nne za mraba. Kwa hesabu ya kawaida ya kifizikia, ukijumlisha ukinzani wa hewa na ule wa matairi, kazi inayotakiwa kwa safari hiyo huongezeka kwa takriban theluthi moja. Kwa injini ya dizeli ya wastani hiyo ni kama lita 9 kwa mwendo wa 80, na zaidi ya lita 11 kwa mwendo wa 100. Dakika 18 zimenunuliwa kwa lita mbili au tatu za mazutu, kama tunavyoiita dizeli huku kwetu, kila safari, kwenda na kurudi.

Bei ya pili ni breki. Dereva mwenye akili timamu huchukua kama sekunde moja na nusu kutambua hatari na kukanyaga breki. Kwa lami kavu na breki nzuri, gari la kilomita 80 kwa saa litasimama baada ya takriban mita 75. Gari la kilomita 100 litahitaji mita 106. Lakini tofauti ya mita 31 haisemi yote. Mahali pale ambapo gari la kwanza limekwisha kusimama, gari la pili bado linakwenda kilomita 70 hivi kwa saa. Ikiwa mahali hapo pana mtoto anayevuka na ndoo ya maji, gari la kwanza halimgusi. La pili humpiga kwa mwendo ambao ni wachache mno wanaopona.

Bei ya tatu ni kupinduka. Mwezi Aprili 2001 idara ya usalama barabarani ya Marekani ilitoa onyo kuhusu magari ya abiria kumi na watano. Ilieleza kwamba, katika ajali za gari moja, magari hayo yakibeba watu kumi au zaidi hupinduka kwa kiwango cha karibu mara tatu kuliko yakiwa na watu wachache, kwa sababu uzito hupanda juu na kurudi nyuma. Nchi iliyotoa onyo hilo ilikuwa inazungumzia magari yenye kiti kimoja kwa kila mtu. Huku kwetu watu wanne huketi kwenye kiti cha watatu, na mizigo iko juu ya paa.

Mtafiti wa Sweden, Göran Nilsson, alipatanisha mambo haya katika kanuni moja ambayo inatumika duniani kote: wastani wa mwendo barabarani ukipanda kwa asilimia 1, ajali zenye vifo hupanda kwa takriban asilimia 4. Kutoka 80 hadi 100, kwa kanuni hiyo, ajali za vifo huzidi maradufu. Nazo dakika 18 zilizopatikana, mara nyingi huliwa zote kituoni, gari likisubiri kujaa tena.

6. Sheria: somo la mafuta ya 1973

Kwa nini basi mafuta hayakuwa mwalimu wa mwendo wa wastani? Iko nchi moja ambako yalikuwa hivyo kwa muda. Vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973 vilipandisha bei ya mafuta ghafi karibu mara nne, kutoka dola tatu hivi kwa pipa hadi karibu dola kumi na mbili. Tarehe 2 Januari 1974 Rais Nixon wa Marekani alitia saini sheria iliyoweka kikomo cha maili 55 kwa saa, sawa na kilomita 88 hivi, katika barabara zote kuu. Lengo lilikuwa kuokoa mafuta. Vifo vya barabarani, ambavyo mwaka 1973 vilizidi 54,000, vilishuka mwaka 1974 hadi takriban 45,200. Ni kweli kwamba watu walisafiri kidogo zaidi mwaka huo, hivyo upungufu wote hauwezi kuhesabiwa kwa sheria peke yake. Hata hivyo mwendo wa polepole ulihesabiwa kuwa sababu kubwa, na sheria iliyowekwa kwa ajili ya mafuta ikadumu kwa miaka mingi kwa ajili ya uhai, mpaka ilipofutwa mwaka 1995.

Tanzania nayo, katika miaka ya shida ya mafuta, ilikataza magari ya watu binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Wazee wa Dar es Salaam wangali wanaikumbuka amri hiyo. Iliokoa mafuta kwa kuyaondoa magari barabarani, bila kugusa mwendo wa yale yaliyobaki.

Kwa basi dogo somo hili halikuingia, na sababu yake imo katika hesabu ya siku. Dereva ndiye anunuaye mafuta, na anajua vema kwamba haraka huyala. Lakini akiamini kwamba lita tatu zitampa zamu moja zaidi ya kubeba watu kumi na wanne, atazitoa bila kusita. Nauli ya zamu hiyo ni kubwa kuliko bei ya lita tatu. Mara nyingi zamu yenyewe haipatikani, kwa kuwa wenzake wote wamekimbia kama yeye na foleni imebaki ileile. Wote wamepoteza mafuta, na hakuna aliyesogea mbele. Hakuna dereva mmoja awezaye kuutoka mchezo huu peke yake. Atakayekwenda 80 wakati wengine wanakwenda 100 ndiye atakayerudi nyumbani mikono mitupu.

7. Mtambo: vidhibiti mwendo vya 2004

Jaribio kubwa zaidi la kuuvunja mchezo huo lilifanyika Kenya. Mwezi Oktoba 2003 Waziri wa Uchukuzi na Mawasiliano, John Michuki, alitoa kanuni zilizoanza kutumika tarehe 1 Februari 2004. Kila gari la abiria lilipaswa kufungwa kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa, pamoja na mikanda katika viti vyote, mstari wa manjano ubavuni, na sare kwa dereva na kondakta. Siku ya kwanza maelfu ya watu walitembea kwa miguu, kwa kuwa matatu nyingi zilikuwa hazijatimiza masharti. Miezi iliyofuata barabara zilitulia, ajali zikapungua, na jina la waziri likawa jina la kanuni. Kisha vidhibiti vikaanza kuchezewa: waya ulikatwa hapa, swichi ya siri ikafungwa pale. Mwezi Novemba 2018 serikali ya Kenya ilitangaza upya utekelezaji wa kanuni zilezile, jambo linaloonyesha kwamba zilikuwa zimelala.

Hapa Koni tunaishi jirani na kidhibiti mwendo cha namna nyingine. Kituo cha umeme cha Koni, kilichoanza kazi mwaka 1950 chini ya bwawa la Mwadingusha, kina mitambo inayozungushwa na maji ya Lufira. Kila mtambo wa aina hiyo una kifaa kinachopima mzunguko wake na kufungua au kufunga maji ili mwendo usibadilike, hata mahitaji ya umeme yakipanda au kushuka. Kifaa hicho hakuna anayekikata waya, kwa sababu hakuna mfanyakazi wa kituo anayepata fedha zaidi mtambo ukizunguka kupita kiasi. Angepata hasara tu. Kidhibiti cha basi dogo kiliwekwa ndani ya biashara ambayo kila jioni humwadhibu anayekitii. Inafaa kukumbuka kwamba kanuni za Michuki zilitaka pia dereva na kondakta waajiriwe kwa kudumu. Kipengele hicho kiligusa mzizi wa tatizo. Chuma kilifungwa, lakini hesabu ya siku iliendelea katika magari mengi, nacho chuma kikashindwa.

Katanga ina shida nyingine ya mtambo. Kongo huendesha upande wa kulia, lakini majirani zetu Zambia na Tanzania huendesha kushoto, na mabasi madogo yaliyotumika Japani hutujia kwa njia za nchi hizo yakiwa na usukani wa kulia. Dereva wa gari hilo akitaka kulipita lori haoni mbele mpaka nusu ya gari lake iwe imekwisha kuingia upande wa wanaokuja. Mwaka 2007 serikali ya Kinshasa ilipiga marufuku uingizaji wa magari ya namna hiyo, lakini hayajatoweka barabarani. Kwa gari kama hilo kila kilomita inayoongezwa ina hatari zaidi kuliko inavyosemwa katika hesabu tuliyotoa juu.

8. Ulimi: neno "zusha"

Imebaki njia ya tatu. Mwaka 2008 wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walifanya jaribio katika matatu za safari ndefu nchini Kenya. Magari zaidi ya 2,000 yalifuatiliwa. Katika zaidi ya 1,000, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, zilibandikwa karatasi ndani, mbele ya macho ya abiria, zikiwahimiza kumkemea dereva anayeendesha vibaya. Hapakuwa na polisi wala kifaa. Madai ya bima yalishuka kwa nusu hadi theluthi mbili, na madai yaliyohusu majeruhi au vifo yalishuka kwa angalau nusu. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2011. Jaribio kubwa zaidi, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2015, lilipata upungufu mdogo kidogo, wa robo hadi theluthi moja. Lakini kwa kubandika karatasi tu, hilo nalo ni jambo la kustaajabisha. Kampeni iliyozaliwa na kazi hiyo ilichukua neno moja la Kiswahili: Zusha!

Neno hilo lastahili kutazamwa na watu wa fani yetu. Zusha ni kitenzi cha kusababisha kitokanacho na zuka: kufanya jambo litokeze pasipokuwapo. Katika matumizi ya kawaida halina sifa njema. Watu huzusha ugomvi, huzusha maneno; mzushi ni mwongo, na uzushi ni habari isiyo na msingi. Kampeni ililichukua neno lenye lawama likaligeuza kuwa wajibu. Kwa kufanya hivyo ilikiri jambo ambalo kila abiria analijua: kumwambia dereva apunguze mwendo ni kuzusha. Ni kuvunja utulivu wa watu waliokaa wakitazama mbele, kila mmoja akiomba moyoni kwamba mwingine aseme.

Linganisha neno hilo na methali zetu. Haraka haraka haina baraka. Polepole ndio mwendo. Methali hizi huchorwa kwenye magari yaleyale yanayokimbia. Udhaifu wake katika hali hii ni kwamba hazina msemaji wala msemwa: hunena ukweli wa jumla, na ukweli wa jumla haumlazimu mtu yeyote kukanyaga breki. Zusha ni amri, tena kwa umoja, na anayeamriwa si dereva. Ni wewe uliyeketi.

Katika Katanga suala hili lina uzito wake. Abiria kijana humwita dereva "papa" akiwa mtu mzima, au "yaya" akiwa amemzidi umri kidogo tu. Majina hayo ni ya heshima ya ukoo, na heshima hiyo humfunga mdomo anayeyatumia, kwani mtoto hamwamuru baba yake. Mama mtu mzima aweza kusema "mwanangu, tunataka kufika", na dereva akasikia. Msichana wa shule aliyeketi karibu na mlango hana fomula kama hiyo. Pengine ndiyo sababu karatasi za Kenya zilifanya kazi. Zilimpa mnyonge maneno yaliyokwisha kusemwa na mwingine, akawa anasoma tu kilichoandikwa ukutani. Na mtu wa kwanza akishasema, wa pili na wa tatu huitikia. Basi zima likinena, dereva hapambani tena na mkaidi mmoja, na hata kwa mwenye gari ana sababu ya kueleza kwa nini alichelewa.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mwendo wa basi dogo ulitoka mikononi mwa kampuni ukaingia katika hesabu ya siku, na kwamba sheria na mtambo vilishindwa kudumu kila vilipoiacha hesabu hiyo bila kuiguso. Kilomita 20 zaidi kwa saa kati ya Likasi na Lubumbashi hununua dakika 18, huchoma lita mbili au tatu, na huzidisha maradufu hatari ya ajali ya kifo. Hakuna mwenye gari angeinunua bidhaa hiyo ikiwa angeonyeshwa bei yake yote kwa pamoja. Inanunuliwa kwa sababu bei imegawanywa: mafuta hulipiwa na dereva, dakika hutazamiwa na foleni, na kifo ni cha abiria na cha mtu anayevuka barabara.

Kutokana na hayo, mambo mawili yafaa kupendekezwa. La kwanza liko mikononi mwa wenye magari na vyama vyao, nalo ni kumlipa dereva mshahara, na kupanga zamu kwa saa badala ya kwa atakayewahi. Yalifanyika zamani katika reli na katika mabasi makubwa, kwa hiyo si ndoto.

La pili liko mikononi mwetu. Idara za Kiswahili zina wanafunzi wanaosafiri kila juma katika mabasi haya. Wanaweza kukusanya, mji kwa mji, maneno ambayo abiria huyatumia kumsihi au kumkemea dereva: nani huanza, kwa jina gani la heshima, nani huitikia, na lini dereva husikia. Utafiti wa namna hiyo hauhitaji fedha nyingi. Baada yake tutaweza kuandika karatasi za kubandikwa katika magari ya Katanga kwa Kiswahili cha Katanga, kwa maneno ambayo msichana wa shule aweza kumwambia papa shofere bila kuonekana amekosa adabu. Kenya imekwisha kuonyesha kwamba karatasi kama hizo hupunguza idadi ya wanaokufa.